Kabla Maji Hayajafika Mirongo: mwongozo wa kuituliza mvua ya vilima vya Mwanza ili ziwa lipone

Mvua kubwa ikishuka Mwanza, huhitaji kwenda ziwani kujua kinachoendelea huko. Simama mlangoni kwako, kwenye kilima chochote, Mabatini, Igogo au Bugando, usikilize. Kwanza utasikia bati, kisha maji yanayoporomoka juu ya mawe, kisha mngurumo wa korongo. Haichukui muda, maji yaliyoanguka juu ya paa lako yameshashuka ngazi za jirani, yameingia mtaroni na yanaufuata Mto Mirongo, unaopita katikati ya mji kabla ya kumwaga kila kitu ziwani. Kesho yake asubuhi, nenda ufukweni utazame. Kuna ulimi mpana wa maji ya rangi ya chai ya maziwa, umejitokeza ndani ya maji ya kijivu, na juu yake zinaelea chupa, ndala na vifuko.

Watu wengi huona chupa. Mimi nakuomba uione ile rangi ya chai, kwa sababu ndiyo mbaya zaidi. Ni udongo wa vilima vyetu, na udongo haushuki peke yake. Umebeba fosforasi, mbolea ile ile inayostawisha mwani na gugumaji. Umebeba pia vimelea vya vyooni, na oili ya gereji. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Ni sinia pana. Ghuba ya Mwanza ina kina kifupi zaidi ya hapo. Tope likiingia, linafunika sehemu za pwani ambako sato huchimba viota vyake. Hata furu, wale samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe, wanaathirika: mwaka 1997 watafiti waliochunguza miamba ya huku walionyesha kwamba majike hutambua madume wa aina yao kwa rangi, na maji yakichafuka rangi hazionekani, aina zinaanza kuchanganyika. Na maji ya bomba tunayokunywa yanachotwa ziwa hilo hilo.

Nimekuwa nikishughulika na jambo hili mtaani kwetu kwa misimu kadhaa sasa, na nimejifunza kitu kimoja ambacho natamani kila mtaa wa kilimani ukijue: adui ni kasi. Maji yaendayo mbio hung'oa na kubeba. Maji yakicheleweshwa huangusha mzigo wake njiani. Kwa hiyo kazi inaanzia juu, karibu na mapaa, na inaishia ufukweni. Sisi tulianza kinyume, tukawa tunaokota taka kwenye mdomo wa mto kila mwezi, na kila mvua ikatuletea nyingine.

Hatua ya 1: Tembea na mvua

Chagua siku ya mvua ya kawaida, ile isiyo na radi. Vaa gambuti, chukua mwavuli na simu, panda mpaka juu kabisa ya eneo lenu, kisha shuka ukiyafuata maji. Piga picha kila mahali maji yanapokutana, yanapoongeza kasi, yanapobadilika rangi. Hapo yanapobadilika rangi pana thamani kuliko pengine pote. Ukiona maji meupe yanaingia sehemu na kutoka yakiwa mekundu, hiyo sehemu ndiyo inayoliwa, na ndiyo itakayokupa faida kubwa kwa mawe machache.

Usiingie kamwe ndani ya mtaro au korongo lenye maji yanayokimbia, hata kama yanafika kwenye kifundo tu. Tembea pembeni.

Beba pia chupa mbili za maji zisizo na rangi. Moja jaza katika dakika kumi za mwanzo maji yanapoanza kukimbia mtaroni, ya pili nusu saa baadaye. Andika tarehe na saa kwa kalamu ya wino mzito. Ziweke dirishani zilale. Mara ya kwanza kufanya hivi, asubuhi nilikuta chupa ya kwanza ina tope la unene wa vidole viwili, limetuama kwa matabaka: mchanga mnene chini, udongo laini katikati, na juu yake utando mweusi wenye mng'ao wa oili. Chupa ya pili ilikuwa na nusu yake. Nilipoipeleka ile ya kwanza kwenye mkutano wa mtaa ilizunguka mkono kwa mkono, na hakuna aliyeniuliza tena kwa nini tunahangaika.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya paa lako

Hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 8 lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20 juu yake ni lita 1,600. Toa sehemu ya kumi inayoruka na kuvukizwa, zinabaki kama lita 1,440. Hizo ni ndoo 72 za lita 20, kutoka nyumba moja, kwa mvua moja isiyo kubwa sana. Sasa hesabu mabati yaliyo juu yako na yaliyo chini yako.

Ukitaka kujua mvua ya kwenu, chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke wazi mbali na mti na ukuta, lizuie lisianguke, kisha pima kina kwa rula kila asubuhi. Masika huwa Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo kazi za kuchimba na kujenga zinafanyika Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Ukianza mvua imeshaanza, utakuwa unalitengenezea ziwa tope.

Hatua ya 3: Shika maji ya paa

Weka gata kwenye upande wote wa paa unaomwaga maji mengi, zishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita 2. Fundi akikuwekea gata iliyolala sawa, itajaa majani na kumwaga katikati. Mvua ya mwanzo ina vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo elekeza milimita 1 ya kwanza, ambayo kwa paa letu la mfano ni lita 80, kwenye pipa la pembeni kabla maji hayajaingia kwenye simtanki. Maji ya pipa hilo mwagilia migomba.

Kuna jambo ambalo watu husahau. Tangi lililojaa halizuii mafuriko. Likishajaa mvua ya Jumatatu, mvua ya Jumanne yote inapita kama vile tangi halipo. Msimu wa mvua lina kazi ikiwa unalitumia kila siku, kufulia, kuoshea vyombo, kudeki, ili libaki na nafasi. Na bomba lake la kufurika lisimwage kwenye ngazi. Lipeleke kwenye bustani au shimo utakalosoma hapa chini.

Onyo moja zito: usiunganishe gata na chemba ya majitaka. Mabomba ya majitaka yametengenezwa kwa maji ya vyoo na bafu. Yakipokea mvua yanafurika, na kinachofurika kinatokea kwenye uwanja wa mtu aliye bondeni.

Hatua ya 4: Fanya uwanja unywe

Kabla ya kuchimba chochote, pima udongo. Chimba shimo la upana na kina cha sentimita 30, lijaze maji, acha yanywewe yote. Jaza tena, simamisha rula, angalia baada ya saa moja. Maji yakishuka sentimita 2 au zaidi, udongo wako ni mzuri. Yakishuka chini ya sentimita 1, achana na shimo. Tegemea tangi na vizuizi vya mawe.

Kwa uwanja unaofaa, chimba bustani ya kunywa maji: bonde la kina cha sentimita 15, chini pawe sawa kabisa, na udongo uliotoa uufanye tuta upande wa chini. Bonde la mita za mraba 12 linashika lita 1,800, yaani mvua yote ya mfano wetu. Najua viwanja vya kilimani havina mita 12 za kuchezea. Basi gawa: simtanki la lita 1,000 na bonde la mita za mraba 3 au 4 litakalopokea ziada. Maji yanapoingilia, tandaza mawe yasichimbe. Pa kutokea weka mlango wa mawe, chini kidogo ya tuta, ili mvua kubwa ijue njia yake. Panda ukoka kwenye tuta, magimbi na migomba ndani. Maji yote yawe yamekauka ndani ya siku mbili, kwa sababu mbu wa malaria wanahitaji kama wiki moja hivi na zaidi kukua kwenye dimbwi.

Sasa mipaka, na hapa naomba usikilize vizuri kwa sababu Mwanza si tambarare. Usichimbe bonde wala shimo la kunywesha maji chini ya mita 3 kutoka msingi wa nyumba. Usichimbe juu ya choo cha shimo wala karibu nacho, maana utakijaza kwa chini. Na usilowanishe udongo ulioshikilia jiwe kubwa lililoegemea mteremko. Mawe yetu ni mazuri kwenye picha, lakini yapo yaliyokaa juu ya udongo wa kina kifupi tu, na udongo huo ukilainika jiwe linatembea.

Bibi mmoja anayekaa chini ya kwangu aliwahi kuniambia kwa upole sana, "Mwanangu, maji yako yote yanalala jikoni kwangu." Nilikuwa nimesakafia uwanja mzima kwa saruji, najivunia usafi. Nilivunja theluthi moja ya ile sakafu, nikatandika kokoto juu ya udongo na kuchimba bonde dogo pembeni. Ukitaka kusakafia, sakafia njia ya kupita. Pengine acha kokoto au ukoka.

Hatua ya 5: Vizuizi vya mawe kwenye korongo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa inahitaji kile tulichojaliwa kwa wingi: mawe na watu.

Korongo dogo, lile linaloanza kati ya nyumba na kuchimbika kila mwaka, linatulizwa kwa ngazi za vizuizi vifupi. Urefu wa kila kimoja kwenda juu usizidi nusu mita. Ukijenga kirefu, maji yanakusanya nguvu nyuma yake na siku moja kinaondoka chote. Jenga hivi:

1. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 20 hadi 30 kukata korongo, uingie pia kwenye kuta zake pande zote mbili kwa sentimita 30. Kizuizi kisichoingia ukutani, maji yatakizunguka na kupanua korongo.
2. Panga mawe makubwa chini, yakae kwa kuegemeana, madogo yazibe mianya. Usitumie saruji. Maji yanatakiwa kupenya taratibu.
3. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 15 hivi, kama tandiko la punda. Maji yakizidi yatapita hapo.
4. Upande wa chini, pale maji yanapodondokea, tandaza mawe kwa urefu wa mita moja. Ukiacha hatua hii, maji yatachimba mguu wa kizuizi mpaka kianguke.

Umbali kati ya kizuizi na kizuizi hutegemea mteremko. Kanuni ni kwamba mguu wa kizuizi cha juu ulingane na katikati ya kilele cha kile cha chini. Tumia mpira wa levo wa fundi, ule wa kuonyesha maji, watu wawili wanatosha. Kwenye mteremko mkali vizuizi vitabanana, na ni sawa.

Baada ya mvua chache utaona udongo umejaa nyuma ya kila kizuizi, umetengeneza ngazi. Huo ni udongo ambao ungekuwa ziwani. Usiuzoe. Panda mabingobingo au nyasi za vetiva juu yake, mizizi ifunge. Miteremko mitupu iliyo pembeni, hasa penye machimbo ya mawe na kokoto na viwanja vipya vinavyosawazishwa, inahitaji matuta yanayofuata kontua, yaani yanayokata mteremko kwa usawa mmoja. Mwenye kujenga mwambie mapema arundike udongo na mchanga wake mbali na njia ya maji, aufunike kwa turubai, auzungushie mstari wa mawe. Lori moja la mchanga lililomwagwa mdomoni mwa mtaro linaweza kuharibu kazi ya mtaa mzima kwa usiku mmoja.

Hatua ya 6: Mtaro, na tope lake

Mtaro laini wa zege kwenye mteremko mkali ni bomba la kulirushia ziwa uchafu. Mkipata nafasi ya kushauri, ombeni mtaro wa ngazi, kila ngazi ivunje nguvu ya maji. Na kabla ya kila kalavati, ombeni chemba ya kudakia mchanga: shimo la mita 1 kwa 1, sakafu yake iwe nusu mita chini ya sakafu ya mtaro. Mbele ya kalavati uwekwe wavu wa nondo uliolala kwa mshazari, si wima, ili taka zipande juu yake na maji yapite chini. Nondo zishikiliwe na zege, maana zikichomekwa tu zitaishia kwenye vyuma chakavu. Na wavu usiwekwe kabisa kama hakuna mtu mwenye jina na zamu ya kuusafisha. Wavu usiosafishwa ni bwawa.

Sasa lile la tope. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunatoka na sepeto, tunazibua mitaro, tunaweka tope ukingoni likauke, tunarudi nyumbani tumechoka na tumeridhika. Mvua inayofuata inalirudisha lote mtaroni. Miaka na miaka nimeliona hili na linaniuma, kwa sababu ile kazi ni ngumu na watu wanaifanya kwa moyo. Kabla sepeto la kwanza halijaingia mtaroni, mjue tope linakwenda wapi. Sisi tunachambua plastiki tukiwa bado hapo hapo, tope tunalitia kwenye viroba vya saruji vitupu na kulipeleka kwa toroli mpaka mahali palipoinuka, palipokubaliwa na mtaa. Viroba vyenye mchanga mtupu tunavitumia kujazia njia zilizolika. Tope lenye harufu ya choo au mng'ao wa oili halisogei karibu na bustani. Hilo linangoja gari la taka. Glavu na gambuti kwa kila mtu, bila kuoneana haya, na kunawa kwa sabuni. Kwenye maji ya ziwani kuna pia kichocho, kwa hiyo usisafishie miguu ufukweni.

Hatua ya 7: Vyoo

Tunajua wote kinachofanyika usiku wa mvua kubwa, na kinavyofanyika: shimo linatobolewa pembeni, linatapishwa, maji yanabeba. Anayefanya hivyo mara nyingi anakaa mahali ambapo gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika. Kumpiga faini peke yake hakumpi njia. Mamlaka ya maji ya jiji imeshajenga kwenye baadhi ya vilima vyetu mtandao rahisi wa majitaka, wa mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba. Kama umefika kwenu, kusanyeni majirani muunganishwe pamoja. Kama haujafika, andikeni kuuomba, mkitaja idadi ya kaya. Wakati mnasubiri, vyoo vinavyokaribia kujaa viorodheshwe mwezi mmoja kabla ya mvua, ili wenye navyo wasaidiwe kuvitapisha kwa halali au kuchimba vingine.

Hatua ya 8: Ukingo wa ziwa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mafunjo na matete yaliyobaki hapo ndiyo chujio la mwisho. Usiyachome, usiyajaze kifusi. Kuosha bodaboda na magari kuhamishiwe juu, penye kokoto na chemba ya kunasa mafuta. Oili chafu ya gereji iwekwe kwenye madumu na kukusanywa. Kikombe kimoja kikimwagwa mtaroni unakiona ziwani kikitanda mbali.

Hatua ya 9: Nenda na picha, daftari na saini

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barabara kuu chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na masuala ya mto na ziwa yanaihusu Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Msiandike "tunaomba mtutatulie kero ya mafuriko". Andikeni: kalavati lile, picha ya tarehe ile, mchanga umeziba nusu, tumeshajenga vizuizi sita juu yake, tunaomba chemba moja. Barua ya namna hii inajibika, kwa sababu anayeisoma anaona cha kufanya.

Hatua ya 10: Pima, mwaka hadi mwaka

Endelea na chupa mbili, mahali pale pale, dakika zile zile. Mkipata mtumbwi, tengenezeni pia sahani ya kupimia uwazi wa maji: kifuniko cha ndoo chenye kipenyo cha sentimita 20, kigawanyeni robo nne, mpake nyeupe na nyeusi kwa kupokezana, mfunge jiwe chini yake na kamba juu yake yenye fundo kila sentimita 10. Shusheni mpaka kipotee machoni, hesabuni mafundo. Iwe saa ile ile ya mchana, eneo lile lile, na aandike mtu yule yule.

Chupa zetu ziko kwenye rafu ya ofisi ya mtaa, zimepangwa kwa tarehe. Ile ya kwanza ina vidole viwili vya tope. Ya masika yaliyopita ina kidole kimoja, na ule mng'ao wa oili bado upo, kwa hiyo mwezi huu tunakwenda kuzungumza na mafundi wa gereji ya pale juu. Februari tunaongeza vizuizi vinne kwenye korongo la mashariki, na mawe yake tumeshaanza kuyasogeza.